Feni Haitengenezi Baridi: Joto la Kompyuta ya Gemu Huenda Wapi?

Tangu kampuni ya Nvidia ilipotangaza kadi yake ya michoro ya RTX 5090 mwezi Januari 2025, namba moja imetajwa vijiweni mwa wapenzi wa gemu karibu sawa na bei yake ya uzinduzi ya dola 1,999: wati 575. Hicho ndicho kiasi cha umeme ambacho kadi hiyo peke yake inaweza kula ikiwa kazini, kabla hatujahesabu prosesa, feni wala skrini. Mwaka 2017 kadi kubwa ya kampuni hiyohiyo kwa wachezaji wa gemu, GTX 1080 Ti, ilikuwa ya wati 250. Ongezeko hilo limezusha maswali ambayo hujibiwa kwa kujiamini kwingi na usahihi mdogo. Je, kompyuta ya namna hii inaweza kuishi Dar es Salaam au Mombasa bila kiyoyozi? Je, ni lazima ipozwe kwa maji? Nyuzi 85 ni homa au ni hali ya kawaida? Na yule anayefungua ubavu wa kasha na kuielekezea feni ya mezani, anaisaidia au anaiua?

Mkanganyiko huu una chanzo kinachoeleweka. Video na makala nyingi zinazofundisha ujenzi wa kompyuta huandaliwa na watu wanaofanya kazi katika vyumba vya nyuzi 20 au 21 za sentigredi, ilhali msomaji wa Kinondoni au Nyali mwezi Februari anakaa katika chumba cha nyuzi 31 chenye hewa iliyojaa unyevu. Matokeo yao ni ya kweli kwao. Yakinakiliwa huku bila kufanyiwa hesabu, humfanya mtu mwenye kompyuta nzima kabisa aamini kuwa inakufa, na mwenye kompyuta inayokosa hewa aamini kuwa dawa yake ni kipozeo cha bei kubwa zaidi.

Majina kwanza

Kompyuta ya gemu hujengwa kwa vipande vichache. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu za jumla: adui ameelekea wapi, risasi imempata nani, mlango umefunguka au la. Kadi ya michoro huyachukua majibu hayo na kuyachora kuwa picha, mara 60, 144 au zaidi katika kila sekunde, nayo ndiyo mlaji mkuu wa umeme. Viwili hivi, pamoja na kumbukumbu ya RAM na diski, huchomekwa kwenye ubao mama. Pawasaplai hupokea umeme wa volti 230 kutoka ukutani na kuugeuza kuwa wa volti ndogo, hasa 12. Vyote hukaa ndani ya kasha.

Kwa upande wa joto kuna majina matatu zaidi. Kipozeo ni ile shehena ya chuma na feni inayokaa juu ya prosesa. Kadi ya michoro huja na chake kutoka kiwandani. Mapezi ni yale mabamba membamba ya alumini yaliyopangwa kama kurasa za kitabu ili yagusane na hewa nyingi. Pesti ni uji mzito, aghalabu wa kijivu, unaopakwa kati ya prosesa na kipozeo.

Neno "kupoza" lenyewe ndilo linalotupotosha zaidi ya yote. Nyumbani, mtu anapopoza chai huona kana kwamba joto limetoweka, kwa kuwa joto la kikombe kimoja ni dogo na chumba ni kikubwa. Halikutoweka, limehamia hewani. Kipozeo cha kompyuta nacho kinahamisha tu, na njia nzima kutoka ndani ya prosesa hadi nje ya dirisha la chumba inaeleweka vizuri zaidi mtu akiiona kama mzigo unaopokezanwa mkono kwa mkono. Mkono mmoja ukichelewa, mzigo hurundikana nyuma yake, na kurundikana huko ndiko kupanda kwa nyuzi tunakokusoma kwenye skrini.

Kila wati hugeuka joto

Jambo ambalo wengi hulikataa wakilisikia mara ya kwanza ni kwamba takriban umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto. Pampu ya kisima hutumia umeme kuinua maji, kwa hiyo sehemu ya nguvu hiyo hubaki juu ya paa ndani ya tenki. Kompyuta haiinui kitu. Hesabu zake hazina uzito, picha zake ni mwanga kidogo tu unaoishia kwenye kuta, na kinachobaki chote ni joto. Kompyuta inayokula wati 600 hupasha chumba joto kwa kiasi kilekile ambacho hita ya wati 600 ingekipasha.

Tuchukue chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya mita 2.7. Hewa iliyomo ina uzito wa kilo 28 hivi, na kama kuta na sakafu zisingenyonya chochote, wati 600 zingeipandisha zaidi ya nyuzi moja kila dakika. Kwa bahati njema kuta za tofali hunyonya sana, ndiyo maana saa ya kwanza ya mchezo huwa ya raha na saa ya tatu huwa ya jasho. Mwenye kiyoyozi naye hajasamehewa: wati 600 ni sawa na BTU 2,047 kwa saa, yaani karibu robo ya uwezo wote wa kile kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 kinachofungwa vyumba vingi vya kulala.

Lakini wingi wa joto ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili, ambayo ndiyo ngumu, ni udogo wa mahali linapotokea. Pasi ya umeme ya wati 1,000 ina uso wa sentimita za mraba 180 hivi, kwa hiyo kila sentimita hutoa wati tano au sita, na sote tunajua inavyounguza. Katika prosesa za Ryzen za kampuni ya AMD, mfululizo wa 7000, kipande cha silikoni chenye viini vya hesabu kina milimita za mraba 71 tu, kasoro kidogo ya sentimita moja ya mraba. Kikitoa wati 100, kila sentimita yake inasukuma joto mara 25 hivi ya pasi. Hakuna feni inayoweza kulipuliza joto hilo moja kwa moja kutoka eneo la ukubwa wa ukucha. Ni lazima kwanza lisambazwe kwenye eneo kubwa, na hapo ndipo shaba, mabomba na mapezi yanapopata kazi.

Mpangilio wa ndani ya silikoni nao una neno. Katika Ryzen 7 7800X3D ya mwaka 2023, tabaka la ziada la kumbukumbu lilipachikwa upande wa juu, kati ya hesabu na kipozeo, na AMD ikaiwekea kikomo cha nyuzi 89. Katika 9800X3D, iliyotoka Novemba 2024, tabaka hilo lilihamishiwa chini, kikomo kikapanda hadi 95, na prosesa ikaweza kukimbizwa kwa kasi kubwa zaidi. Ni sawa na kulitoa blanketi juu ya mtu mwenye homa na kumtandikia alalie.

Uji wa kijivu na maji yaliyofichwa

Uso wa prosesa na kitako cha kipozeo huonekana laini kama kioo, lakini chini ya darubini vyote vina mabonde na vilima. Vikigusanishwa vikavu, vilima hugusana na mabonde hujaa hewa, na hewa ni mpitishaji duni mno wa joto: shaba huipita zaidi ya mara elfu kumi. Pesti si mpitishaji hodari, maana shaba huishinda mara nyingi tu, lakini inaishinda hewa kwa mbali, na kazi yake yote ni kuifukuza hewa hiyo mabondeni. Ndiyo maana tone la ukubwa wa punje ya njegere, au zaidi kidogo kwa prosesa pana, linatosha, kwa kuwa kipozeo kikikazwa hulisambaza chenyewe. Aliyezidisha hajaharibu kitu zaidi ya kujichafulia ubao, mradi pesti yake si ile ya metali ya maji ambayo hupitisha umeme. Aliyepunguza ndiye mwenye hasara. Na dawa ya meno, ambayo bado inapendekezwa kwa mzaha unaochukuliwa kuwa ushauri, ina maji yatakayokauka baada ya muda mfupi na kuacha chaki.

Nitaungama langu hapa. Kompyuta ya kwanza niliyoijenga ilikuwa ikigonga nyuzi 95 kabla hata sijafungua gemu. Nilibadilisha pesti, nikanunua nyingine ya bei mara tatu, nikaanza kuilaumu prosesa, na ni siku ya pili ndipo nilipokigeuza kipozeo chini ya taa na kuona ile karatasi ya nailoni angavu ya kulinda kitako, ikiwa imebandikwa palepale, na maandishi yanayosema iondolewe kabla ya kufunga.

Kutoka kwenye kitako, joto huingia katika mabomba ya shaba yanayopanda hadi kwenye mapezi. Watu wengi hudhani mabomba hayo ni vyuma vitupu. Ndani yake mna maji kidogo sana na hewa imefyonzwa, hivyo maji hayo huchemka kwenye nyuzi za chini. Mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka tena kuwa maji, na maji hurudi upande wa moto yakipitia utambi uliotandazwa kwenye ukuta wa bomba, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Aliyewahi kufunua sufuria ya wali ameona nusu ya jambo hili: mvuke hugonga mfuniko, huuachia joto, na hudondoka ukiwa matone. Kwa hiyo anayesema hataki kipozeo cha maji, anataka cha hewa, anachukua maji vilevile, isipokuwa yake hayana pampu.

Feni humpoza mtu kwa sababu mtu hutoka jasho

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote, na ni kosa la kimwili kabisa, la ngozi. Tukikaa mbele ya feni tunasikia baridi, tunahitimisha kuwa feni inatengeneza baridi, kisha tunatarajia iifanyie kompyuta hivyohivyo. Feni humpoza mtu kwa kukausha jasho lake, na jasho likikauka huondoka na joto la mwili. Mtungi wa udongo hupoza maji ya kunywa kwa siri hiyohiyo, kwa kuwa maji huvuja polepole kwenye vitundu vyake na kukauka kwa nje. Ndiyo sababu maji ya mtungi yanaweza kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Kompyuta haitoki jasho. Feni inachoweza kuifanyia ni kuleta hewa mpya ya chumba mahali pa hewa iliyokwisha kupata moto, na haiwezi kamwe kuishusha chini ya nyuzi za chumba chenyewe, hata zikifungwa feni ishirini.

Kutokana na hilo tunapata kanuni iliyo rahisi na yenye manufaa. Nyuzi za prosesa ni nyuzi za chumba ukijumlisha tofauti ambayo hutegemea wati zinazozalishwa na ubora wa kipozeo. Chumba kikipanda nyuzi kumi, prosesa inayofanya kazi ileile hupanda karibu kumi. Kompyuta iliyopimwa London katika chumba cha nyuzi 20 ikaonyesha 70, itaonyesha 81 au 82 katika chumba cha Tanga chenye 31 au 32, bila kitu chochote kuharibika ndani yake.

Nairobi ina fumbo lake. Vyumba vyake ni vya baridi, na hilo ni faida, lakini jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 18. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Ili kuondoa wati 600 ndani ya kasha huku hewa inayotoka ikiwa na moto wa nyuzi kumi tu kuliko inayoingia, pwani panahitajika lita 50 za hewa kila sekunde, yaani ndoo mbili na nusu za lita ishirini. Nairobi panahitajika ndoo tatu. Feni za huko hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kwa kazi ileile, ingawa baridi ya chumba kwa kawaida hulipa deni hilo na chenji kurudi.

Maji au hewa?

Kipozeo cha maji kina pampu juu ya prosesa, mipira miwili, na rejeta yenye feni, rejeta kwa maana ileile ya mafundi wa magari. Maji huchukua joto kwa prosesa, hulipeleka kwenye rejeta, na hapo hewa ya chumba hulipokea. Hewa ya chumba: ndiyo ileile ambayo ingelipokea kwenye mapezi ya kipozeo cha kawaida. Maji hayaongezi baridi yoyote. Yanachofanya ni kuuhamishia uso mkubwa wa kupozea mahali penye nafasi, pembezoni mwa kasha, na kwa kuwa maji huchelewa kupata moto, huchelewesha mpando wa nyuzi kwa dakika kadhaa za mwanzo.

Faida hiyo ni ya kweli kwa prosesa kama Core i9-14900K ya Intel, ambayo imeruhusiwa kufika wati 253. Kwa prosesa inayokula wati 100 au pungufu wakati wa gemu, na nyingi zinazosifiwa sasa kwa gemu ziko katika kundi hilo, kipozeo kikubwa cha hewa chenye minara miwili, mfano wa NH-D15 ya kampuni ya Noctua ya Austria, kinatosha kabisa. Mimi kwa mazingira ya pwani hupendekeza cha hewa, wala si kwa kuogopa kuvuja, jambo ambalo hutokea kwa nadra. Pampu ina uhai wake, maji hupungua kidogo kidogo kupitia kuta za mipira kadiri miaka inavyokwenda, na siku pampu ikifa mwenye kompyuta hubaki hana kompyuta mpaka mzigo mpya ufike. Kipozeo cha hewa hakina kinachozunguka ila feni, na feni ya milimita 120 au 140 hupatikana mjini. Kabla ya kununua, pima urefu: NH-D15 ina kimo cha milimita 165, na kuna makasha ambayo mlango wake hautafunga.

Nyuzi ngapi ni hatari?

Watengenezaji hutaja kikomo waziwazi. Core i9-14900K ina nyuzi 100, 9800X3D ina 95, na AMD ilipotoa Ryzen 9 7950X mwaka 2022 ilieleza kuwa prosesa hiyo imekusudiwa kufika 95 chini ya kazi nzito na kukaa hapo. Ikifika kikomo, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe, na hali ikizidi kompyuta hujizima. Kwa hiyo 85 katika mchezo mzito, ndani ya chumba cha Dar es Salaam, ni jambo la kawaida. Kinachostahili kukunyima usingizi ni mabadiliko: kompyuta iliyokuwa ikicheza gemu fulani kwa 75 mwaka jana, sasa inacheza gemu lilelile katika msimu uleule kwa 90. Hapo kuna vumbi, feni iliyosimama, pesti iliyokauka au pampu inayoaga.

Si kila ugonjwa wa prosesa ni joto, vilevile. Mwaka 2024, kizazi cha 13 na cha 14 cha Core kilipokuwa kikiangusha gemu ovyo, wengi walikimbilia vipozeo vikubwa zaidi, kumbe Intel ilikuja kueleza kuwa volteji iliyopita kiasi ndiyo iliyokuwa ikizidhoofisha prosesa hizo, ikatoa marekebisho ya BIOS, yaani programu ya ndani ya ubao mama inayoiamsha kompyuta, na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Anayenunua prosesa hizo zikiwa zimetumika asasishe BIOS kabla ya jambo lolote jingine, akijua pia kuwa marekebisho hayawezi kurudisha kilichokwisha kudhoofika.

Kasha ni nyumba

Waliojenga nyumba za pwani walijua kuwa dirisha moja halileti upepo. Ni lazima pawe na pa kuingilia na pa kutokea. Kasha ni vivyo hivyo. Hewa iingie mbele au chini, itokee nyuma na juu, na isipite njia ya mkato. Ukifungua ubavu wa kasha lenye mpangilio mbovu, nyuzi zitashuka, na ndiyo maana mazoea hayo hayafi. Lakini ukiufungua ubavu wa kasha lililopangwa vizuri, unaivuruga njia ya hewa, na kwa vyovyote vile umefungulia vumbi mlango. Nyuzi zikishuka sana baada ya kufungua, chukulia kuwa umepata majibu ya kipimo: kasha lina njaa ya hewa, na kinachotakiwa ni uso wa mbele wenye matundu badala ya kioo au bamba zima.

Vumbi la kwetu linahitaji ukali kidogo. Hewa inayosukumwa ndani ikiwa nyingi kuliko inayovutwa nje, kasha huvimba kidogo kwa shinikizo na hewa hutoka kwenye kila upenyo. Vumbi linabaki na njia moja tu, ile yenye chujio. Ikiwa kinyume, kila upenyo hugeuka mdomo unaofyonza. Kwa hiyo feni tatu za kuingiza na mbili za kutoa ni bora kuliko kinyume chake. Chujio zioshwe kila baada ya wiki chache, na mapezi yapulizwe mara mbili tatu kwa mwaka huku feni zimeshikwa kwa kidole zisizunguke hovyo. Anayekaa karibu na bahari afanye hivyo mara nyingi zaidi, kwa sababu vumbi lenye chumvi hunyonya unyevu, na unyevu wa chumvi hula viunganishi.

Kuhusu kiyoyozi na umande, hofu iliyopo imekaa mahali pasipo. Soda ya baridi hutoka maji kwa nje kwa sababu chupa ni baridi kuliko kiwango ambacho hewa hushindwa kuubeba unyevu wake, na katika pwani yenye masika kiwango hicho hufika nyuzi 24 au 25. Kompyuta inayofanya kazi ina moto kuliko chumba, kwa hiyo haitoki umande, hata ikiwa ya maji. Hatari ipo pale mashine iliyolala imezimwa katika chumba cha nyuzi 18 inapobebwa asubuhi hadi sebuleni penye joto na unyevu na kuwashwa papo hapo. Iache ikae saa moja.

Waya nao hupata moto

Pawasaplai ya wati 1,000 hailazimishi kompyuta kula wati 1,000, kama vile tenki la lita 1,000 lisivyomlazimisha mtu kuogea lita 1,000. Nvidia yenyewe hupendekeza ukubwa huo kwa RTX 5090. Alama ya 80 PLUS Gold humaanisha kuwa karibu asilimia 90 ya umeme unaoingia hufika kwenye vipande, na iliyobaki hugeuka joto ndani ya pawasaplai. Hiyo ndiyo sababu feni yake nayo inastahili hewa ya nje na isibanwe na zulia.

Mahali panapohitaji uangalifu wa pekee ni kiunganishi cha kadi kubwa. Wati 575 kwa volti 12 ni ampea 48. Linganisha na birika la umeme la wati 2,000, ambalo kwa volti 230 huvuta chini ya ampea 9. Mkondo huo mkubwa hupita kwenye pini ndogo sita na kurudi kwenye sita nyingine, na pini ikiwa haijashika vizuri, upinzani huongezeka na mahali pale hupata moto. Baada ya RTX 4090 kutoka mwaka 2022, baadhi ya viunganishi viliyeyuka, na Nvidia ilitaja kutokuzamishwa hadi mwisho kuwa sababu kuu. Muundo ulirekebishwa baadaye, lakini wajibu wa mjenzi haukubadilika: sukuma mpaka pasiwe na upenyo wowote kati ya plastiki na plastiki, na waya usikunjwe kwa nguvu karibu na kichwa chake.

Ujenzi wenyewe, ukiondoa hayo, hauna uchawi. Weka ubao mama juu ya boksi lake, fungia hapo prosesa, kipozeo, na RAM mbili katika nafasi ya pili na ya nne, uiwashe ukiwa nje ya kasha, kisha ndipo uingize. Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi ya michoro, si kwenye ubao mama. Ukosefu wa kujua hilo tu umewafanya watu warudishe kadi nzima dukani.

Joto lisilozaliwa

Katika nchi za baridi, ushauri wa kupunguza umeme wa kadi huwekwa mwishoni mwa orodha. Kwetu ningeuweka wa kwanza, maana joto ambalo halikuzaliwa halihitaji kubebwa. Umeme unaoliwa na silikoni hupanda kwa mraba wa volteji, hivyo volteji ikipunguzwa kwa asilimia 10 bila kugusa kasi, ulaji hushuka kwa asilimia 19 hivi. Kadi na prosesa nyingi huondoka kiwandani zikiwa na volteji ya akiba, ili hata kipande dhaifu kuliko vyote katika mzigo kifanye kazi, na mwenye kipande kizuri anaweza kuipunguza kwa hatua ndogondogo huku akijaribu. Asiyetaka kugusa volteji anaweza kuishushia kadi kikomo cha nguvu hadi asilimia 80, na kwa kadi kubwa hasara yake huwa asilimia chache tu za fremu, yaani zile picha zinazochorwa kila sekunde.

Zaidi ya hapo, weka kikomo cha fremu. Skrini ya hezi 144 haiwezi kuonyesha zaidi ya fremu 144 kwa sekunde, na kadi inayochora 250 inapika pilau ya watu 250 kwa wageni 144, moto ukiwaka muda wote.

Baada ya hayo, tundika kipimajoto cha ukutani karibu na mahali kasha linapovuta hewa, cheza kwa saa nzima mpaka kila kitu kitulie, kisha soma namba mbili na utoe moja kwa nyingine. Chumba kikiwa na 31 na prosesa ikiwa na 83, tofauti yako ni 52. Mtu wa Oslo mwenye prosesa kama yako, gemu lilelile, na nyuzi 73 katika chumba cha 21, kompyuta yake inapoa sawasawa na yako.